Wilhelmina na Somo Yake

Mtaa mzima wa Pasiansi hakuna mtu aliyemwita Wilhelmina. Tangu alipojifungua binti yake wa kwanza alikuwa Mama Rose, na Mama Rose akabaki, hata baada ya Rose mwenyewe kuolewa Dodoma na kumpatia wajukuu. Jina la ubatizo lilikaa kwenye kitambulisho cha taifa na kwenye kadi ya kliniki ya macho, limetulia kama gauni la Pasaka sandukuni. Hata yule aliyekuwa nalo kabla yake hakuwahi kulitaja. Yule alikuwa Wilhelmina mkubwa, huyu Wilhelmina mdogo, na watu wenye jina moja hawaitani jina. Wanaitana somo. "Shikamoo, somo." "Marahaba, somo yangu, umeamkaje?" Ndivyo walivyoishi, mpaka mkubwa akafa mwaka themanini na sita, na mdogo akabaki na neno ambalo hana wa kumwambia.

Mkubwa alizikwa Mchangani, kale kaukanda ka ufukwe kaliko chini ya majabali, akalala pamoja na watu wake. Watu wake hawakuwa ndugu zake. Walikuwa maiti wa ziwa.

Jambo hili halimo katika kitabu chochote cha shule, na wengi waliokuwa na umri wa kulijua wameshatangulia, kwa hiyo inafaa lielezwe taratibu. Zamani, wakati watu walivuka kwenda Ukerewe na Sengerema kwa mitumbwi ya makasia, ziwa lilikuwa likichukua watu kila msimu wa upepo, na baada ya siku kadhaa likiwarudisha popote lilipotaka. Wengi lilikuwa likiwatupa Mchangani. Wazee walikuwa na mwiko: mtu aliyekufa majini hapandishwi juu kwenye makazi, mvua itakatika. Kwa hiyo alizikwa hapo hapo mchangani, na kuzikwa kwenyewe kulikuwa aibu. Wanaume walimvuta kwa mti mrefu, wakachimba shimo la kufika magotini, wakafukia, wakakimbia kwenda kuoga.

Ndipo akaja Wilhelmina mkubwa kutoka Ukerewe, mwanamke wa peke yake, asiye na mume wala mtoto, anayekausha samaki kwa moshi na kufua nguo za watu mjini. Kwa nini alianza kazi ile hakuna ajuaye. Wengine walisema ana kaka aliyepotea ziwani. Wengine walisema ni mchawi, maana mtu akifanya wema usiolipwa lazima atafutiwe uchawi. Yeye alisema neno moja tu: "Mtu hatupwi kama samaki furu aliyeoza." Akaanza kuwaosha.

Na alikuwa na namna yake. Aliwasha moto, akachemsha maji, akayapooza mpaka yawe ya uvuguvugu. Alisema hawa wameshapigwa baridi vya kutosha huko walikotoka. Akaanza na uso, polepole, kama unavyomwosha mtoto anayesinzia, ndipo mabega, ndipo chini. Akimaliza alimfunga sanda. Sanda ilitoka wapi? Ilitoka kwa Taherali, Mhindi Bohora mwenye duka la nguo mjini, ambaye mama huyu alikuwa akifua nguo za nyumbani kwake. Taherali hakuuliza mengi. Alimwekea vipande vya mwisho wa jora, vile vifupi ambavyo havitoshi gauni. Na mwisho wa jora hauchagui: leo kaniki, kesho khaki, kesho kutwa kitambaa cha maua ya waridi kilichokusudiwa bibi harusi. Kwa hiyo mvuvi mwenye ndevu zake alilazwa katika maua ya waridi, na mama mzima akalazwa katika khaki ya askari. Na kwa kuwa hakuna aliyewajua majina, Wilhelmina akawaita kwa nguo zao. Bwana Waridi. Mama Khaki. Mistari. Vidoti. Kaniki, na Kaniki wa Pili. "Tukimzika bila jina," alisema, "Mungu atamwitaje?" Kila mmoja alipewa jiwe jeusi la ziwani kichwani, na kila Jumapili akapitiwa na kung'olewa majani.

Siku moja mtumbwi uliotoka Ukerewe ulipinduka, na ndani yake alikuwamo mwanamke mja mzito aitwaye Selina. Alikutwa mchangani amelala na wengine, amevimba uso, baridi kama wao. Wanaume wakachimba mashimo. Wilhelmina akakata sanda, kitambaa chekundu chenye vidoti vyeupe, akaiweka kando, akaanza kuwaosha mmoja mmoja. Alipofika kwa Selina, akamwagia maji ya uvuguvugu usoni, mara ya kwanza, mara ya pili. Mara ya tatu maiti ikakohoa.

Wanaume walikimbia wakaacha hata majembe. Wilhelmina hakukimbia. Miezi miwili baadaye Selina alijifungua mtoto wa kike, akampa jina la aliyemwosha, na kwa kuwa alikuwa maskini hana mbeleko, akambeba mtoto kwa ile sanda iliyokuwa yake mwenyewe. Mama Rose alikulia mgongoni ndani ya sanda ya mama yake. Si kila mtu anaweza kusema hivyo.

Akakua, akamaliza darasa la saba, akaajiriwa Nyakato kushona magunia ya pamba mpaka kiwanda kilipofungwa, akaolewa na Shimba, akamzika Shimba. Katika hayo yote kila Jumapili baada ya misa aliteremka Mchangani kumsaidia somo yake kupalilia. Makaburi akayajua kwa moyo kama wengine wanavyojua litania. Na somo alipokufa, mdogo ndiye aliyechemsha maji, ndiye aliyemwosha kuanzia usoni. Dukani kwa Taherali siku ile kilibaki kipande kimoja tu: tetroni ya rangi ya machungwa, kali ya kuumiza macho, iliyokaa rafuni kwa kukosa mnunuzi. Mama Rose aliona aibu kumlaza mtu mzima katika rangi ile. Lakini mwisho wa jora hauchagui.

Sasa basi. Mwaka huu, mvua za masika zikiwa zinaanza, gari la matangazo lilipita Pasiansi. Mama Rose alikuwa barazani anachagua mchele, na Mzee Kashindye, jirani yake anayeshona nyavu, alikuwa hapo anasubiri chai ambayo hakualikwa.

"Wananchi mnatangaziwa," spika ikasema, "wenye makaburi katika eneo la Mchangani, ambalo limetwaliwa kwa ajili ya mradi wa gati na hoteli, wafike ofisi ya mtaa kujiandikisha. Makaburi yatakayokosa wenyewe yatahamishwa kwa pamoja."

Mama Rose akaweka ungo chini. "Kwa pamoja maana yake nini?"

"Shimo moja," Kashindye akasema. "Kama viazi."

"Usinitanie, ngosha wewe."

"Sikutanii. Wewe unadhani serikali itamchimbia kila mtu asiye na ndugu?"

Usiku ule hakula. Alimpigia Rose simu. Rose akasema, "Mama, hao watu hata majina hawana. Waache wapumzike." Mama Rose akajibu, "Hicho ndicho ninachokisema, waachwe wapumzike," wakawa hawaelewani, salio likaisha.

Kesho yake alivaa gauni zuri na kitenge kipya, akaenda ofisi ya mtaa. Chini ya turubai palikuwa na meza, na nyuma ya meza kijana wa idara ya ardhi aitwaye Yeremia, msafi, mpole, mwenye kompyuta ndogo. Foleni ilikuwa ndefu. Kashindye alikuja naye, eti kumsindikiza.

"Shikamoo, bibi."

"Marahaba, mjukuu wangu."

"Una marehemu wako Mchangani?"

"Ninaye. Nina wengi, ila tuanze na mkubwa wao."

"Uhusiano wako naye?"

"Somo."

Vidole vya Yeremia vikasimama hewani. "Somo? Alikuwa mwalimu wako?"

"Hakujua hata kuandika jina lake."

"Aaa, basi wewe ndiye ulikuwa unamfundisha."

Foleni ikacheka. Mama Rose hakucheka. "Mjukuu wangu, somo ni mtu mwenye jina lako. Wewe ni Yeremia. Akija Yeremia mwingine hapa mtaitana nani?"

"Tutaitana Yeremia."

Kashindye akadakia kutoka nyuma, "Mwambie wajina, labda wajina anamfahamu."

"Wajina namfahamu, mzee. Lakini wajina si ndugu. Hapa nina baba, mama, mume, mke, mtoto, ndugu wa damu, na mkwe. Wajina hayumo. Bibi, alikuwa mama yako mzazi?"

Hapo Mama Rose angeweza kusema ndiyo. Neno moja tu, na mambo yangeisha. Alifungua mdomo. Lakini mama yake mzazi alikuwa Selina, aliyekohoa pale mchangani akarudi duniani, anayelala kwao Magu chini ya msalaba wake. Kumkana Selina mbele ya foleni, ili ampate aliyemfufua Selina, ulimi ulikataa.

"Mama yangu ni Selina," akasema. "Huyu ni somo."

"Na hao wengine uliosema?"

"Bwana Waridi. Mama Khaki. Mistari. Vidoti wawili, maana kitambaa kilibaki. Kaniki, Kaniki wa Pili..."

Yeremia alimtazama kwa huruma, na huruma ile ilimchoma kuliko kicheko. "Bibi," akasema polepole, "hivyo ni vitambaa."

"Ndiyo, mjukuu wangu. Ni vitambaa."

Mama mmoja aliyekuwa nyuma akasonya. "Huyu anataka fidia ya ufukwe mzima. Sisi tuna makaburi ya kweli hapa."

Mama Rose akageuka, akamtazama kuanzia kilemba mpaka kandambili. "Fidia yangu nitakupa wewe, ukanunue adabu."

Lakini aliondoka mikono mitupu. Yeremia alimwambia alete shahidi, mtu wa familia ya marehemu au taasisi inayomjua, kabla ya Ijumaa.

Alianza kanisani. Katekista alimsikiliza vizuri, akatikisa kichwa: Mchangani hapakuwa makaburi ya parokia, na pale walizikwa Waislamu, Wakristo na wasio na dini pamoja, nani angejua. Akaenda mjini, duka la Taherali. Jina bado lipo juu ya mlango, ila rangi imebanduka. Ndani siku hizi zinauzwa sare za shule na mapazia. Mjukuu wa Taherali, mwanaume wa makamo mwenye miwani, alimletea kiti na soda.

"Karibu, mama. Babu alikuwa akimpa mtu vitambaa vya kuzikia?"

"Miaka mingi. Kila mwisho wa jora."

"Babu hakutusimulia hata siku moja." Akavua miwani, akaifuta. "Alikuwa hivyo. Anatoa, halafu anasahau, au anajifanya amesahau. Mama, ningependa kukusaidia. Lakini nikienda kuapa kwamba namjua huyo mama, nitakuwa nasema uongo. Sikumwona. Sikusikia."

"Basi apa kwamba unamjua babu yako."

Alicheka kidogo, machozi yakimlengalenga. "Hilo naweza. Ila sidhani kama litatosha."

Halikutosha, na wote wawili walijua. Alipoinuka kuondoka, yule bwana akaenda nyuma ya kaunta, akarudi na kipande kilichokunjwa, cheupe chenye majani madogo ya kijani. "Mwisho wa jora," akasema. "Pazia la chumba cha watoto. Hakikutosha dirisha. Mkimhamisha, mfungeni nacho."

Mama Rose alikipokea kwa mikono miwili. Miaka yote ile hakuna aliyewahi kukata kitambaa tena kwa ajili ya somo yake. Njiani kurudi alikishika mapajani kama mtoto.

Ijumaa jioni alirudi ofisini bila shahidi. Foleni ilikuwa imeisha. Yeremia alikuwa anafunga kompyuta, macho mekundu, anapiga miayo.

"Bibi, umempata?"

"Sikumpata mtu. Wote wanaojua wamelala huko huko Mchangani."

Yeremia akafikicha macho. Halafu akafungua kompyuta tena. "Lete kitambulisho, bibi. Nitakuandika 'familia'. Usiniulize familia gani."

Mama Rose alitaka kumbusu mkono. "Mungu akuzidishie, mjukuu wangu. Mungu akupe mke mwenye heshima."

"Ninaye tayari. Jina la marehemu?"

"Wilhelmina."

Yeremia akasoma kitambulisho. "Linaandikwa kama hili la hapa?"

"Kama hilo hilo," akasema Mama Rose, na kifua kikamjaa fahari, kwa sababu lilikuwa jina gumu ambalo makarani walilivunja kila mara, na leo angalau mmoja alitaka kulipata sawasawa. "Kama hilo hilo, herufi kwa herufi. Usipunguze hata moja."

"Alifariki?"

"Themanini na sita."

"Tayari. Na hao wengine, bibi, samahani. Hao siwezi."

"Najua." Hakujua, ila alisema hivyo kwa sababu kijana alikuwa amechoka.

Waliochimbua walikuja na lori, ovaroli na glavu. Mama Rose alikuwa ameshafika, amekaa juu ya jabali na kikapu chake: chupa ya chai yenye maji ya uvuguvugu, na kile kitambaa cha majani. Kashindye alikaa kando yake, amevua kofia.

Mwanzoni alikuwa akiwaambia. "Huyo hapo ni Mama Khaki." "Sawa, bibi," wakaitikia. "Huyo ni Waridi, jamani, polepole." "Sawa, bibi." Lakini jua lilipopanda waliacha kuitikia. Mawe meusi yalirundikwa pembeni kama kifusi, mifupa ikaingizwa kwenye mifuko, na mifuko ya wasio na mtu ikawekwa pamoja. Baada ya muda hata yeye hakuweza kusema Mistari yuko katika mfuko upi. Majina aliyokuwa ameyabeba maisha yake yote yalikuwa bado kichwani, kamili, hakuna lililopotea. Ila hayakuwa tena na pa kutua.

Walipofika kwa somo, jembe lilitoa kitu chenye rangi. Mama Rose alisimama. Ilikuwa tetroni ya machungwa. Kaniki ilikuwa imeoza, waridi lilikuwa limeoza, khaki ilikuwa imeoza, lakini ile rangi iliyokosa mnunuzi ilikuwa kali vile vile, kama imekatwa jana. Ardhi nayo haikuitaka.

"Ndiye," akasema. "Ndiye! Mmeona? Niliwaambia ni vitambaa!"

"Nailoni hiyo," kijana mwenye jembe akasema, akaitupa upande wa takataka.

Mama Rose akateremka jabalini, akasogea mpaka msimamizi akamzuia kwa mkono. Hakumsukuma, tusimsingizie. "Bibi, usiguse. Mambo ya afya."

"Nilimwosha kwa mikono hii. Naomba basi mumfunge na hiki." Akatoa kitambaa cha majani. "Kimetoka kwa Taherali."

"Tuna mifuko rasmi, bibi."

"Kiwekeni hata juu ya mfuko."

"Bibi." Alisema hivyo tu, kwa upole, na lile neno likafunga mlango.

Mifuko ikapakiwa. Mama Rose akamwendea dereva wa lori, maana hilo moja alikuwa hajalisema. "Mwanangu, hawa hawapandishwi juu. Ni watu wa ziwa. Mvua itakatika."

Dereva akawasha gari. "Bibi, siku hizi mvua inamsikiliza mtu wa utabiri wa hali ya hewa."

Kashindye, ambaye siku nyingine angecheka, hakucheka.

Makaburi mapya yako huko juu, kupita Nyakato, mahali pa udongo mwekundu pasipo na hata mti mmoja, na ziwa halionekani. Jumapili iliyofuata Mama Rose na Kashindye walikwenda. Misalaba ya saruji ilikuwa imepangwa kama madawati, majina yamepakwa rangi nyeusi. Walipita mmoja mmoja wakisoma. Kashindye ndiye aliyeuona kwanza. Akasimama. Akausoma tena midomo ikitikisika.

"Mama Rose," akasema. "Wewe jina lako la kanisani ni nani vile?"

Aliusogelea, akarekebisha miwani.

WILHELMINA LUHAGA. KUZALIWA 1950. KUFARIKI 1986.

Luhaga alikuwa baba yake. Elfu moja mia tisa hamsini ulikuwa mwaka wake wa kuzaliwa. Herufi zote zilikuwa sawasawa. Hakuna hata moja iliyopunguzwa.

"Eeh," Kashindye akasema. "Kumbe tangu themanini na sita nanywa chai kwa mzimu. Ndiyo maana sukari ni kidogo."

Mama Rose alitaka kucheka, ikatoka sauti nyingine. Akampigia Yeremia simu hapo hapo. Yeremia alisikiliza, akashusha pumzi ndefu.

"Bibi, nilichukua kwenye kitambulisho. Ulisema kama hilo hilo."

"Nilisema jina, mjukuu wangu. Sikusema mtu."

"Marehemu jina lake la pili ni nani?"

Mama Rose akafikiri. Somo yake hakuwa na jina la pili. Labda alikuwa nalo huko Ukerewe. Kama alikuwa nalo, hakumwachia mtu. "Wilhelmina tu," akasema.

"Bibi, sikia. Naweza kuomba lisahihishwe. Lakini nikilifungua faili, wataniuliza uhusiano, na uhusiano haupo. Watasema kaburi halina mwenyewe. Msalaba utang'olewa, naye ataungana na wale wengine. Unataka nifungue?"

Upepo wa huko juu ulikuwa mkavu, una vumbi. Mama Rose alitazama msalaba. Yule aliyemwosha kila mtu, aliyempa jina kila mtu, sasa alilala chini ya tarehe za mtu mwingine, mtu ambaye bado alihitaji tarehe zake. Nusu ya yale maneno ilikuwa kweli. Nusu ilikuwa bora kuliko shimo.

"Usifungue," akasema. "Acha hivyo."

"Pole sana, bibi."

"Asante. Msalimie mkeo."

Alikata simu. Kashindye alikuwa anachora ardhini kwa fimbo. "Na wewe siku yako ikifika? Jina lako limeshatumika. Watasema kaburi lako wanalo tayari."

"Na watakuwa hawajakosea." Akafungua kikapu, akagusa kitambaa kilichokunjwa. "Nitafungwa hiki. Mkiulizwa ni nani, semeni ni Bibi Majani."

"Jina la nyumbu hilo."

"La mtu anayelala vizuri. Nyamaza."

Hakuna mtu wa Pasiansi atakayeuliza. Atakayepita hapo atasoma Wilhelmina Luhaga na kwenda zake, maana Pasiansi hakuna anayemjua Wilhelmina Luhaga. Wanamjua Mama Rose. Na somo yake hawakumjua kwa jina lolote.

Mwisho kabisa, karibu na korongo, lilikuwapo lile kaburi la pamoja. Lilikuwa jukwaa la saruji lililopigwa lipu laini, na juu yake neno moja kubwa: WASIOJULIKANA. Mama Rose alipiga magoti kwa shida, Kashindye akimshika kiwiko. Akaanza kuwaita. Waridi. Mama Khaki. Mistari. Vidoti, na Vidoti mwingine. Kaniki. Kaniki wa Pili. Aliwaita wote, kwa mpangilio wa Mchangani, kuanzia upande wa jabali hadi upande wa maji, ingawa hapa hapakuwa na jabali wala maji.

Halafu akafungua chupa ya chai. Maji yalikuwa bado ya uvuguvugu. Aliyamimina polepole katikati ya saruji, mahali ambapo uso ungekuwa, kama kungekuwa na uso. Yalitanda, yakang'aa kidogo juani, yakatafuta mteremko, yakateleza mpaka ukingoni, yakadondokea korongoni. Saruji haikunywa hata tone.

"Mama Rose," Kashindye akasema, "twende, jua kali."

Alitikisa chupa kusikia kama kuna yaliyobaki. Yalikuwapo kidogo. Akayamimina tena mahali pale pale.